Moyo Uliofifia kwenye Karatasi

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, weka vidole viwili chini ya taya, pembeni mwa koromeo, ukae kimya kidogo. Usibonyeze sana. Utahisi kitu kikipiga, kikitulia, kikipiga tena. Kabla ya kila pigo, cheche ndogo ya umeme imepita ndani ya moyo wako na kuuamuru ujikaze. Umeme huo ni wako mwenyewe. Hautoki kwenye nguzo yoyote wala haukatiki mvua inaponyesha. Nimefanya kazi ya kuuchora kwa miaka mingi katika hospitali moja ya huku Kisii, na hadi leo, ninapounganisha waya kifuani mwa mtu na kuona mstari ukianza kutembea, hunijia ile hali ya mtu aliyechelewa kanisani akakuta wenzake wameshainamisha vichwa kuomba.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyokiogopa. Unalala kitandani, tunakubandika vibandiko vidogo kifuani, mikononi na miguuni, tunaviunganisha na waya, na mashine inasikiliza. Haikuingizii umeme, inausikiliza ule uliomo. Hospitalini tunakiita ECG. Kila pigo la moyo linaacha alama kwenye karatasi yenye miraba midogo: kilima kidogo, mwiba mrefu, kisha kilima kingine cha mviringo. Mama mmoja wa Marani aliniuliza siku moja, nikiwa ninamfungua zile waya, kama mashine imeona na mambo aliyokuwa akiyawaza. Nikamwambia haioni mawazo. Akasema ni afadhali, kwa sababu muda wote aliokuwa amelala pale alikuwa akimuwaza jirani yake na mbuzi wake.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Kwetu ni kule ziwani, na wagonjwa wangu hawaniachi nikasahau. Ekegusii changu, lugha ya hapa, ni cha kuombea maji na kusalimia, Kiswahili chao wengi ni cha shuleni na sokoni, basi tunakutana katikati na kuelewana vizuri. Nikikosea salamu, wananiambia ni samaki wanaonikwama kooni.

Sasa kuhusu karatasi. Haichorwi kwa wino. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, na mashine inachora kwa kuichoma kidogo kidogo. Ni ndugu yake risiti ya supamaketi. Unaijua hiyo risiti: unaiweka mfukoni, miezi ikapita, ukiitoa unakuta karatasi nyeupe na hukumbuki ulinunua nini. Mstari wa moyo nao hufifia vivyo hivyo. Jua huufifisha, mafuta ya vidole huufifisha, selotepu huufifisha zaidi. Kila tulipompima mtu tulitoa nakala mbili. Moja alikwenda nayo nyumbani, nyingine iliingia kwenye katoni ya mwezi ule, katoni zilezile zilizotuletea chupa za dripu. Mwezi ukiisha, katoni ilifungwa kwa kamba na kupelekwa stoo.

Hospitali ilipoamua kwamba kumbukumbu zote za vipimo vya moyo ziingie kwenye kompyuta, kazi hiyo niliifanya pamoja na afisa wa kumbukumbu, mtu wa makamo, mzaliwa wa mjini, wa moja ya zile familia za Kiislamu zenye maduka upande wa soko. Kabla ya kuajiriwa alikuwa na studio ya picha. Watu walimletea picha za harusi zilizonyeshewa na za wazazi waliokwisha kufariki, na yeye akazifufua. Aliniita dada, na tangu siku ya kwanza aliyashika makaratasi yetu kwa ncha za vidole kama anayeshika kipepeo.

Tulifungua katoni ya kwanza asubuhi moja, dirisha likiwa wazi na mvua ya jana yake bado ikidondoka kwenye mabati. Nilidhani najua kilichomo. Mengi ya makaratasi yale niliyatoa kwa mkono wangu. Lakini nilikuwa nimeyatoa moja moja, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, sikuwahi kuyaona kwa pamoja. Tulipoyatandaza mezani, kisha sakafuni, kisha kwenye viti, nilisimama mlangoni nikiyatazama. Mioyo ya watu wa Manga, wa Nyamache, wa Marani, iliyopiga siku fulani saa fulani, imelazwa pale kimya kama nguo zilizoanikwa. Wengine wao nilijua wameshazikwa. Mioyo yao ilikuwa bado imeshika mwendo, mwiba baada ya mwiba, kama hawajaambiwa.

Na hakuna uliofanana na mwingine. Hili hujifunzi kwenye kitabu. Kila moyo una mwandiko wake, huyu anachora kilima cha mwanzo kikiwa na nundu mbili, huyu mwiba wake umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Miaka ikipita uso hukunjamana na sauti hubadilika, lakini mwandiko ule, kama moyo haujapata jeraha, hubaki.

Afisa alikuwa na maswali mengi, na yote ya maana. Aliuliza kwa nini sehemu ya umri tumejaza herufi moja tu. Nikamweleza kwamba zamani ilitosha kuonyesha kama mgonjwa ni mtu mzima au mtoto. Aliuliza kwa nini majina yanajirudia hivi. Nikamwambia huku mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia, majina hayapotei, yanazunguka. Ukiita jina moja pale kwenye benchi wanasimama wanawake wawili, na wa tatu anauliza kama ni yeye. Kisha akaniuliza kuhusu nambari zilizoandikwa kwa kalamu kwenye kona ya juu. Alidhani ni nambari za mashine.

Ni nambari za majani chai. Mkulima anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia anakuwa na nambari yake, na nambari hiyo anaijua bila kuiangalia, kwa sababu ndiyo inayosomwa kila majani yanapopimwa. Wagonjwa wetu wa zamani walikuja bila kitambulisho, wengi hata hawakujua kadi ya hospitali ilipo, lakini ukimuuliza nambari ya majani, anakutajia akiwa bado anavua koti. Kwa hiyo mwenzangu aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akiiandika kwenye kona, na mimi nikafuata. Kwenye kompyuta hakukuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Afisa alicheka, akafikiri kidogo, akasema ataichonga nafasi hiyo.

Si yote yaliyokuwemo katonini yalikuwa ya kufurahisha. Tulipofika kwenye katoni za zamani zaidi, tulikuta makaratasi meupe. Jina lililoandikwa kwa kalamu lipo, tarehe ya kalamu ipo, nambari ya majani ipo, na katikati, mahali pa moyo, hakuna kitu. Afisa aliliweka la kwanza kwenye skana hata hivyo. Mimi nikamwambia anapoteza muda. Aliichukua picha yake kwa rangi, akaifungua kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kucheza na mwanga na giza, akaondoa rangi moja, akarudisha nyingine. Nilikuwa nimeshageuka kuchukua karatasi ifuatayo.

"Dada," akasema, "njoo umuone mtu."

Nilipotazama, mstari ulikuwa unarudi. Ulikuja kama mlima unavyojitokeza ukungu ukipanda asubuhi, kwanza miiba mirefu peke yake, halafu vilima, halafu hata mtetemo mdogo wa mgonjwa aliyekuwa akihisi baridi siku ile. Macho yangu yalikuwa yameona karatasi tupu. Haikuwa tupu. Niliishika tena mkononi, nikaigeuza kwenye dirisha, na bado sikuona kitu, huku kioo kikinionyesha moyo mzima. Niliketi.

Tangu hapo hatukutupa karatasi hata moja. Mambo mengine nayo yakafuata. Mashine mpya ikaunganishwa na mtandao, na siku moja mwuguzi wa kituo kidogo upande wa Nyamache akatutumia kipimo cha mzee aliyeshikwa na maumivu ya kifua sokoni. Kilitufikia kabla simu yake haijaita. Ninakumbuka zamani, karatasi ya namna hiyo ingekuja na bodaboda chini ya koti la mvua, au isingekuja kabisa.

Lakini mtu ninayetaka kukusimulia habari zake ni mama mmoja wa Manga.

Aliletwa na mumewe, wote wawili watu wa umri wa kuitwa nyanya na babu, wachuma majani chai juu kule kwenye ukingo wa mlima ambako njia za miguu ni nyingi kuliko barabara. Alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, goita kama wengi wanavyoiita, na ulikuwa umekua kwa ndani hadi ukaanza kubana bomba la pumzi. Akilala, pumzi inakatika. Kwa muda mrefu alikuwa akilala ameketi, ameegemea ukuta, mumewe amemwekea gunia la mahindi mgongoni. Wiki ile hospitalini kulikuwa na madaktari wa kutembelea waliokuja kufanya upasuaji wa aina hiyo, na wangeondoka Ijumaa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yao. Kilichobaki ni daktari wa nusukaputi, yule anayemtia mgonjwa usingizi, aridhike kwamba moyo utastahimili.

Nilimpima akiwa ameketi nusu, mito mitatu nyuma yake. Alinisalimia kwa Ekegusii, nikajibu, akaniuliza samaki hawajambo. Nikamwambia wanamsalimia. Mumewe alicheka hadi akakohoa. Kisha mstari ukaanza kutoka kwenye mashine, na mimi nikaacha kucheka.

Nikueleze nilichoona. Umeme wa moyo unashuka kwa njia mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Fikiria watu wawili wanaoteremka kutoka Manga kwa vijia viwili ili wafike chini kwa wakati mmoja. Sasa kijia cha kushoto kimeporomoka. Yule wa kushoto hawezi kupita, inambidi azunguke kwa njia ya mwenzake, afike akiwa amechelewa. Kwenye karatasi, kuchelewa huko kunaonekana: mwiba uliopaswa kuwa mwembamba unakuwa mpana, umegawanyika juu kama uma. Moyo wa mama ulikuwa hivyo kila pigo.

Hali hiyo inaweza kuwa ya miaka, moyo umeshaizoea, mtu anachuma majani na kupanda mlima bila kujua. Inaweza pia kuwa ya juzi, alama kwamba moyo umejeruhiwa sasa hivi, na mtu wa namna hiyo hatiwi usingizi. Karatasi moja haiwezi kusema ni ipi kati ya hizo mbili. Unahitaji ya zamani uweke kando yake.

Daktari wa nusukaputi alilieleza hilo kwa upole, akiwa ameinama usawa wa macho ya mama. Mashine ya kuonyesha picha ya moyo wenyewe ilikuwa mbovu, ikisubiri kipuri. Kama hakuna kipimo cha zamani, itabidi mama aandikiwe kwenda kwa daktari bingwa wa moyo, na upasuaji usubiri ziara nyingine ya wale madaktari, ambayo hakuna aliyejua itakuwa lini. Akauliza kama amewahi kupimwa moyo.

Mama akasema amewahi, hapahapa, na karatasi anayo. Akamwangalia mumewe. Mzee akafungua mkoba kwa fahari, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa kitu kigumu kinachong'aa.

Alikuwa ameitia laminesheni.

Huku, kitu cha maana hutiwa laminesheni. Vyeti vya shule, vya ubatizo, picha ya marehemu. Unakipeleka dukani, kinapitishwa kwenye mashine ya moto katikati ya plastiki, kinatoka hakishikwi na maji wala moshi. Na karatasi yetu, nilishakuambia, hugeuka nyeusi ikiguswa na joto. Alichokuwa ameshika mzee kilikuwa kipande cheusi tii, kila kona, kimehifadhiwa vizuri sana.

Mzee aliigeuza upande wa pili, kama mstari labda umehamia huko. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mwenye duka alimwambia itadumu.

"Imedumu," mkewe akasema. Kisha akamgeukia daktari. "Huyu mwanaume, kama ng'ombe angekubali kuingia kwenye ile mashine, angetoka ametiwa plastiki."

Daktari alitabasamu, lakini niliona ameshaanza kuandika ile barua ya kumpeleka kwa bingwa wa moyo. Nikamwomba asubiri. Nikamuuliza mama alipimwa lini. Hakukumbuka tarehe, ila alikumbuka ulikuwa mwezi ambao mtoto wao wa mwisho aliingia kidato cha kwanza, na kwamba sanduku la shule lilikuwa pembeni mwa kitanda wakati akipimwa, kwa sababu walitokea kulinunua. Hiyo ilitosha. Nikaenda stoo.

Katoni ya mwezi ule ilikuwa moja ya zile ambazo hatujazifikia. Afisa aliikata kamba, tukagawana. Nilimwona akisoma kila jina kwa midomo bila sauti. Tulipata jina la mama. Kisha, karibu na chini, tukapata tena jina la mama. Wanawake wawili, majina yote mawili sawa, mwezi mmoja, wote wamejazwa herufi ileile ya mtu mzima. Na karatasi zote mbili, ukizitazama kwa macho, zilikuwa nyeupe kama maziwa.

Afisa alizipitisha kwenye skana moja baada ya nyingine. Alifanya kazi polepole, na mimi nilijizuia kumharakisha. Wa kwanza alipojitokeza, miiba yake ilikuwa myembamba, moyo usio na tatizo. Wa pili alichukua muda zaidi. Kikaja kivuli, kivuli kikawa mstari, na mstari ukapanda mpana, ukagawanyika juu kama uma. Uma uleule. Hata kile kilima kilichofuata kilikuwa kimepinda chini namna ileile. Miaka yote hiyo, mvua zote hizo, na mwandiko wa mama ulikuwa umekaa ndani ya katoni ya dripu ukingoja.

Afisa akazituma picha zote mbili kwenye kompyuta ya wodi. Mimi nikachukua karatasi zenyewe kwenye bahasha, nikakimbia, na kufikia nilipofika, daktari alikuwa ameshazifungua picha na kuziweka kando ya kipimo cha asubuhi. Nilimwonyesha ule wa pili. Nikamwambia ndio huu, mama ana hali hii tangu zamani.

Alitazama kwa muda mrefu. Niliona naye ameguswa; aliipitisha kalamu hewani juu ya mstari wa zamani, kisha juu ya mpya, kama anayesoma shairi kwa vina. Halafu akaniuliza swali.

"Umejuaje kwamba huu ni wake, na si ule mwingine?"

Nikasema zinafanana. Akasema ndiyo, na hicho ndicho anachotaka kukithibitisha. Tukimchagulia mama karatasi kwa sababu inafanana, tumeshaamua jibu kabla ya kuuliza. Ikiwa mama ndiye yule mwenye miiba myembamba, basi huu mpana ni wa mwanamke mwingine kabisa, na moyo wa mama umejeruhiwa karibuni, na yeye daktari atakuwa amemtia usingizi mtu asiyeweza kuustahimili. Alisema hivyo bila ukali. Alikuwa na haki.

Nikakumbuka kona ya juu. Karatasi zote mbili zilikuwa na nambari ya majani chai, kila moja ya kwake, kalamu ya mwenzangu aliyestaafu. Nikamweleza daktari. Alizichukua karatasi zote mbili kutoka mkononi mwangu, akazishika zikiwa zimegeukia kifua chake mtu asizione, akafunga na zile picha kwenye kompyuta. Kisha akamwomba mama ataje nambari yake ya majani.

Mama aliitaja kwa pumzi moja, bila kusita. Daktari aliangalia karatasi ya kwanza. Akaangalia ya pili. Akatikisa kichwa.

Akamwomba arudie. Akarudia, ileile. Haikuwa kwenye yoyote.

Mama alimtazama daktari, akanitazama mimi, na alielewa kabla hatujamweleza. Alijivuta juu kidogo kwenye mito, akashika shingo yake kwa kiganja. Alisema basi, watarudi nyumbani, gunia lipo. Hakulia. Mzee ndiye aliyekuwa akitazama sakafu, kile kipande cheusi bado kiko magotini mwake.

Mzee akauliza, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, ni mwaka gani tena tunaousema. Nikamkumbusha: ule wa mtoto kuingia kidato cha kwanza.

"Wakati huo hatukuwa na nambari," akasema. "Baba alikuwa hajatugawia shamba. Majani yetu sote yalikuwa yanaingia kwa nambari ya baba." Akamgeukia mkewe. "Wewe mama, ungetaja nambari gani, na hii yetu ilikuwa haijazaliwa?"



Daktari akamwomba mzee aitaje nambari ya baba yake. Mzee aliweka laminesheni kando, akasimama, akavua kofia. Marehemu baba yake alikuwa amezikwa miaka mingi iliyopita. Akafumba macho na akaanza, herufi za kituo kwanza, kisha tarakimu, akizitoa moja moja kwa mdundo ambao nina hakika alifundishwa akiwa mtoto amebeba kikapu. Nambari yenyewe sitaiandika hapa. Ni ya watu. Daktari alikuwa akifuata kwa kidole kwenye karatasi mojawapo, na nilikuwa nimesimama mahali ambapo siwezi kuona ni ipi. Niliona kidole tu. Kilitembea, kikatembea, hakikusimama hadi mzee alipomaliza.

Daktari akaigeuza karatasi, akafungua picha yenye nambari hiyohiyo. Ilikuwa ile ya mstari mpana.

Daktari aliichukua ile barua aliyokuwa ameanza, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamweleza mama kwamba kijia kimoja cha moyo wake kimefungwa miaka mingi, kwamba moyo umejifunza kuzunguka, na kwamba atamlinda wakati wa usingizi akijua hivyo. Bado kuna hatari, akasema, kila upasuaji unayo, lakini hii anaifahamu. Mama akamuuliza kama ni kesho. Daktari akasema ni kesho.

Mimi nilirudi stoo kumwambia afisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsimulie tena jinsi mzee alivyovua kofia. Kisha akageukia kompyuta yake, na pale mahali alipokuwa amechonga nafasi ya nambari ya majani, akaongeza nafasi nyingine chini yake, ya nambari ya zamani ya familia. Alifanya hivyo kimya, kama mtu anayesogeza kiti ili mgeni apate kukaa.

Nilimpitia mama wodini siku kadhaa baadaye, wale madaktari wakiwa wameshaondoka. Bandeji ilikuwa imezunguka shingo. Mito ilikuwa imewekwa kwenye kiti. Alikuwa amelala chali, kichwa kwenye godoro, mikono imeanguka pande zote mbili, na anapumua bila ile sauti ya mluzi. Nilitaka kumsalimia. Mzee aliyekuwa ameketi miguuni mwa kitanda akaninyanyulia mkono.

"Usimwamshe, daktari," akaninong'oneza; kwake kila mtu wa hospitali ni daktari. "Acha nimtazame."

Tukasimama wote wawili tukimtazama mtu anayelala kama watu wanavyolala. Kisha mzee akaniuliza, bado kwa kunong'ona, karatasi mpya aliyopewa aitunze vipi safari hii. Nilimweleza, na sasa nakueleza na wewe. Ukipimwa moyo ukakabidhiwa karatasi, usiitie laminesheni na usiibandike selotepu. Kabla hujatoka kwenye lango la hospitali, ilaze mahali pa tambarare penye mwanga, uipige picha kwa simu, jina lako na tarehe vikionekana, umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Kisha itolee fotokopi ya kawaida, uiweke pamoja na ile ya asili kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jua na jiko.